Ubia wa uhifadhi huku Magharibi na Nakuru: jirani ana nini mkononi kilichoandikwa?

Mwenyeji_Shinyalu

Wadau, salamu kutoka Kakamega.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila tunapoitwa kwenye baraza kuhusu msitu, ziwa au mawe ya kale, neno linalotangulia ni "ushirikiano". Mgeni rasmi anahutubia, miche inapandwa, picha zinapigwa, kisha kila mtu anarudi kwake. Nataka tuzungumzie kile kinachobaki mahema yakishakunjwa. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge: kama jirani hana karatasi yenye jina la kikundi chake, yenye haki anazoweza kuzidai na mgao anaoweza kuuhesabu, basi amealikwa tu, na mwaliko unaweza kufutwa siku yoyote.

Nianze na msitu ninaoufahamu. Kakamega ndiko kulikobaki kipande cha mwisho Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo. Serikali iliutangaza kuwa msitu wa umma mwaka 1933. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, yaani Buyangu na Kisere, ukafanywa hifadhi ya taifa, leo uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Upande wa kusini, huku kwetu Isecheno, ukabaki kwa idara ya misitu ya serikali, ambayo sasa inaitwa KFS. Kwa hiyo msitu ni mmoja lakini wenyewe ni wawili, na taratibu ni mbili. Kaskazini huingizi ng'ombe wala huokoti kuni. Kusini unaweza, ukilipia kibali. Mama anayeishi karibu na mpaka wa pande hizo mbili analazimika kujua amekanyaga ya nani kabla hajainama kuokota ukuni.

Ukitaka kuelewa kwa nini msitu huu ni mgumu kuulinda, panda kilima cha Lirhanda asubuhi utazame chini. Miti inakwisha ghafla, na papo hapo yanaanza mashamba, mengi yakiwa vipande vidogo vilivyogawanywa baba kwa mwana tangu enzi za mababu. Hakuna pori la katikati. Mahindi, chai na boma vinagusana na miti ambayo kima wa buluu na mbega wanalala juu yake. Watu hawa hawawezi kuambiwa "kaeni mbali" wakakaa mbali. Wako hapo, na walikuwa hapo kabla ya ramani ya 1933. Waisukha, Waidakho na Watiriki wana sehemu zao za jando na za matambiko ndani ya msitu na pembeni yake, na sehemu hizo ziliheshimiwa bila askari hata mmoja.

Sasa nije kwenye yaliyofanya kazi. Miaka ya tisini vijana waongoza wageni wa Isecheno walianzisha KEEP, mpango wa elimu ya mazingira. Walianza kwa kuwafundisha watoto wa shule zinazouzunguka msitu, baadaye wakawa na kitalu cha miche na ufugaji wa vipepeo. Lilikuwa wazo la wenyeji, nao ndio walioliendesha.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa kikundi cha wakulima cha Muliru. Huku kuna kichaka tunachokiita mwonyo. Majani yake yana harufu kali ya kafuri, na tangu zamani mtu akibanwa na mafua au mbu wakizidi nyumbani, unatafuta mwonyo. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na wenzao wa vyuo wakakaa na wakulima wakatazama namna ya kuyakamua mafuta yake kwa mvuke. Wakulima wakaanza kuupanda mwonyo kwenye mashamba yao, wanavuna majani, wanayauza kwa kikundi, na mafuta yanatengenezwa dawa ya kupaka iliyoingia sokoni kwa jina la Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata tuzo ya Equator ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa hapo. Mmea uliokuwa ukichumwa msituni umehamia shambani, kwa hiyo msitu umepunguziwa mzigo. Mkulima mwenye robo ekari anaweza kushiriki, kwa kuwa mwonyo haudai ardhi kubwa. Mtambo wa kukamulia uko kijijini, kwa hiyo thamani haiondoki na lori la majani mabichi. Na ujuzi wa asili ulikuwa wa wenyeji, mtafiti akaongeza wake, kila mmoja akijua mwenzake ameleta nini mezani.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, inaruhusu wakaazi wanaopakana na msitu kusajili chama cha jamii cha msitu, tunachokiita CFA, kisha kuingia mkataba na KFS. Haki zinazoweza kuandikwa humo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: kuni, majani ya mifugo na malisho, dawa za miti, asali, utalii, utafiti na elimu, hata viwanda vidogo vya jamii. Kuna pia utaratibu wa PELIS, ambapo mkulima anapanda viazi au maharagwe katikati ya miche ya msitu wa kupandwa huku akiipalilia, mpaka miti ifunike ardhi baada ya miaka mitatu hivi.

Shida inaanzia hapa. Vyama vipo, vimesajiliwa, vina mihuri. Ukimuuliza mwanachama wa kawaida mkataba unasemaje, hajawahi kuuona. Kwingine mpango wa usimamizi uliandikwa ukaisha muda wake na hakuna aliyeita mkutano wa kuufufua. Mwenyekiti ana nakala, mfadhili ana nakala, na mama wa kuni, ambaye ndiye anayekutana na askari njiani, hana.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihakikishe mali asili inatumiwa kwa njia endelevu na faida zake zinagawanywa kwa haki. Nauliza wenzangu wa Kisumu, Nakuru, Migori na Mlima Elgon: huko kwenu faida hiyo imeandikwa wapi, na nani anaisoma?

---

Nyar_Dunga

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi ni wa Dunga, Kisumu, kando ya ziwa.

Kwetu hatuna msitu, tuna mafunjo. Ukitoka mjini kuelekea kusini unayakuta yamesimama majini, na kwa asiyeyajua ni magugu tu yanayosubiri kufyekwa ili hoteli ijengwe. Humo ndani samaki wachanga wanajificha mpaka wakomae, kamongo na kambale wanapatikana humo, na kuna ndege wadogo ambao hawaishi kwingine isipokuwa kwenye mafunjo. Maji machafu yanayoteremka kutoka mjini yanachujwa hapo kabla hayajafika tunakovua. Mafunjo hayohayo wamama wanayakata kusuka mikeka, vikapu na viti.

Kwa hiyo sisi tuna vikundi vitatu kwenye tope moja: wavuvi, wasusi na vijana wa kutembeza wageni. Mvuvi hataki mafunjo yaishe kwa sababu ya mazalio. Msusi anayahitaji yaliyokomaa. Kijana wa mashua anayataka yasimame mgeni aone ndege. Yakikatwa kwa zamu yanachipua tena. Yakichomwa moto au yakikatwa kila mahali kwa mpigo, wote watatu wanalala njaa.

Hapo ndipo naona kilichotusaidia kuliko pesa za mfadhili yeyote. Kanuni za uvuvi za 2007 ziliipa kila ufuo kamati yake ya BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo, na kamati hiyo ina nguvu kisheria. Mvuvi, mwenye mashua na mchuuzi wa samaki wote wana viti, na sheria inataka wanawake wawemo. Tukigombana kuhusu mafunjo, kuna mahali pa kuketi pamoja na daftari la kuandika tulichokubaliana. Mtu wa nje akija na mradi, tunamwelekeza huko kwanza.

Ninachokililia ni ardhi yenyewe. Kamati inasimamia uvuvi, haina hati ya kinamasi. Mtu akija na hati miliki ya kipande cha mafunjo, hata kama hatujui aliipata vipi, daftari letu haliwezi kumzuia.

---

Mkulima_Njoro

Dada wa Dunga amegusa kidonda. Ardhi ni ya nani? Bila kujibu hilo, mambo mengine yote ni mapambo.

Nazungumza kutoka upande wa Mau Mashariki, kaunti ya Nakuru. Mto Njoro unatoka huku juu na kuishia Ziwa Nakuru. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kukata sehemu kubwa sana ya msitu huu iwe makazi, na matokeo yake kila mtu wa bonde ameyaona kwenye mto. Lakini kabla ya hapo, na baada ya hapo, kulikuwa na Waogiek. Watu wa mizinga. Ogiek anajua mti gani unachanua mwezi gani na asali yake itakuwa ya rangi gani. Msitu ukikatwa, kwake ni ghala limechomwa. Hata hivyo mwaka 2009 walipewa notisi ya kuondoka, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuulinda msitu.

Wakaenda mahakamani hadi Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubandikwa kwao. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyopitia. Ikaamuru pia ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja, na wahusishwe katika mambo yote yanayowagusa. Mpaka leo wanadai utekelezaji.

Nenda kidogo kaskazini, Bogoria. Waendorois waliondolewa kando ya ziwa miaka ya sabini ili pawe hifadhi. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ikatangaza uamuzi kwamba warudishiwe ardhi na walipwe mgao wa mapato. Mwaka uliofuata, 2011, Bogoria, Nakuru na Elementaita zikaandikwa pamoja kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Waendorois wakalalamika kwamba hata katika hilo hawakuulizwa. Yaani dunia nzima inalisifu ziwa, na wenyewe wanasimama nje ya uzio.

Sipingi uhifadhi. Uzio wa umeme wa msitu wa Eburu, kilomita 43.3, uliokamilika 2014 kwa kazi ya shirika la uhifadhi la Rhino Ark pamoja na KFS, KWS na majirani, umewasaidia wakulima. Nyati na wanyama wengine hawateremki tena kula viazi kama zamani, na wale paa wakubwa waitwao bongo, wachache waliobaki, wana mahali pa kupumulia. Huo ni ubia ninaoukubali, kwa sababu mkulima aliona faida yake msimu uleule. Ila uzio unawafaa wale ambao tayari wana shamba upande wa pili. Ogiek shamba lake lilikuwa ndani.

---

Msafiri_Kondele

Nimewasoma wote. Swali langu ni la pesa. Mnataja utalii sana. Mwaka 2020 corona ilipofunga mipaka, vijana wa mashua na waongoza wageni walikula nini? Mimi naona ubia unaotegemea mgeni wa ng'ambo ni wa hatari. Siku hayupo, panga linarudi msituni.

---

Mwenyeji_Shinyalu

Msafiri, hoja yako ni nzito na nakubaliana nayo. Ndiyo maana nilianza na mwonyo badala ya kuanza na hoteli. Mafuta ya kupaka yananunuliwa na watu wa hapahapa, na mtu ana mafua hata mipaka ikifungwa. Asali vilevile, mikeka vilevile. Mapato ya mgeni yawe nyongeza.

Niongeze jambo kuhusu pesa za kaboni, yaani malipo ya kuzuia hewa ya ukaa isipande angani, maana najua kuna atakayeziuliza. Magharibi hapa tulikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani. Shirika la Vi Agroforestry, likisaidiwa na Benki ya Dunia, lilifanya kazi na wakulima wadogo wa pande za Kisumu na Kitale: kufunika udongo kwa mabaki ya mazao, mboji, miti kati ya mahindi. Mwaka 2014 mradi huo ukatoa hati za kaboni iliyohifadhiwa kwenye udongo. Lakini mgao wa kaboni wa mkulima mmoja mmoja ulikuwa mdogo. Kilichowabakisha ni mahindi kuongezeka. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kwenye kikundi chako akiahidi kwamba kaboni peke yake italipa karo ya shule, mwombeni aandike kiasi, aandike ni lini, na aandike wapatanishi wote walio kati yake na nyinyi wanachukua kiasi gani.

Mzee wa Njoro, umenisogeza. Nilikuwa nikiuona mkataba wa CFA kama lengo. Kwa mtu wa Isukha mwenye shamba lake nje ya mpaka, huenda unatosha. Kwa Ogiek hautoshi, kwa sababu unamfanya mpangaji mahali alipozaliwa, na KFS ina uwezo wa kuusitisha. Kwake kinachoanza ni hati ya ardhi ya jamii, mengine yafuate.

---

Chebo_Kapsokwony

Hapo mmefika kwetu Elgon. Waogiek wa Chepkitale, juu kule kwenye nyanda za nyasi, waliona ardhi yao ikifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Hawakuondoka kimawazo. Walikaa wazee, wamama na vijana wakaziandika sheria zao za asili: kuchoma makaa marufuku, kilimo marufuku kwenye nyanda hizo, malisho kwa zamu. Wenyewe wakawa wanawakamata wachoma makaa na wawindaji haramu na kuwapeleka kwa mamlaka. Septemba 2022 mahakama ya ardhi Bungoma ikaamua ardhi ile ni ya jamii.

Nasisitiza mpangilio wa mambo: sheria zao waliziandika kabla ya kushinda kesi. Jaji alikuta watu wenye utaratibu. Vikundi vingi vinasubiri hati ndipo viandike kanuni. Geuzeni.

---

Wuod_Kadem

Wapendwa, mmezungumzia miti na maji. Naomba tuzungumze kuhusu mawe.

Mimi natoka Migori, si mbali na Thimlich Ohinga. Wasiopajua: ni boma kubwa la mawe lililojengwa bila saruji wala udongo wa kugandisha, pengine katika karne ya 16. Kuta zinafika mita 4 na zaidi mahali pengine, unene kama mita moja, na zimesimama kwa sababu kila jiwe limefungwa na jenzake. Ndani kulikuwa na nyumba, mazizi, na sehemu ya kufua chuma. Jamii moja ilitoka nyingine ikaingia, na kila iliyoingia ilikarabati kuta za waliotangulia. Mwaka 2018 UNESCO ikaliandika kuwa Urithi wa Dunia. Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayolisimamia.

Faida zipo. Kuna vijana walioajiriwa, kuna mafundi wa kijiji wanaoitwa kuta zikilegea, maana kazi ile haifanywi na mwashi wa saruji. Mzee anayejua kupanga jiwe anafundisha kijana, na huo ni urithi sawa na ukuta wenyewe. Barabara ikiwa nzuri, wageni wanakuja, wamama wanauza chakula.

Lakini Thimlich ni moja tu. Katika nchi hii ya ziwa kuna maeneo mengine zaidi ya 100 yenye maboma ya aina hiyo, makubwa kwa madogo. Mengi yako kwenye mashamba ya watu. Hayana lango wala mlinzi. Sasa mjifikirie nyinyi ndiyo mwenye shamba. Una ekari mbili. Robo yake imekaliwa na mawe ambayo mtaalamu anakuambia usiyaguse. Kijana wako anataka kujenga, na mawe ya msingi yananunuliwa kwa lori. Yaliyo shambani mwako ni bure. Utamwambia nini? Mtaalamu anakuja, anapima, anapiga picha, anakushukuru, anaondoka. Mwaka unaofuata ukuta umepungua, na watu wa mbali wanasema wenyeji hawathamini utamaduni wao.

Mimi nasema wanauthamini. Baba yangu alikuwa akitupitisha kando ya ohinga, yaani boma la mawe, iliyoanguka akitukataza kukalia mawe yake. Lakini heshima hiyo imebebeshwa mtu mmoja maskini, wakati urithi ni wa taifa zima. Makumbusho, kaunti na wale wanaouza safari za Ziwa Victoria hawajawahi kumlipa yule mwenye shamba kwa robo ekari asiyoilima. Huo ndio ubia ninaoutafuta, na kwangu ni muhimu kuliko hoteli yoyote itakayojengwa karibu na Thimlich.

---

Mama_Lanet

Ndugu wa Kadem umesema kweli tupu. Hapa Nakuru tuna Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, alipochimba mtafiti Mary Leakey mwaka 1937. Pana makumbusho tangu 1965. Watoto wangu wanachokipenda ni mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Bao lilelile tunalolicheza, kwenye jiwe! Mji umefika mpaka kwenye ua. Majirani tuko wengi sana sasa, lakini sijawahi kusikia tumeitwa kama majirani. Shule za mbali zinakuja kwa mabasi, za hapa mtaani hazina nauli ya kuvuka barabara, sembuse kiingilio. Siku moja kwa mwezi ya bure kwa shule za jirani ingefanya kazi kubwa.

---

Mwenyeji_Shinyalu

Mama Lanet, hilo la siku ya bure andikeni barua, wazazi na walimu wakuu watie sahihi pamoja. Ni ombi dogo na halimwumizi mtu.

Wuod Kadem, nimekusoma mara mbili. Kuna mlango ambao naona haujabishwa. Sheria ya mazingira ya 1999, ile ya EMCA, kuanzia kifungu cha 112, inazungumzia haki ya uhifadhi inayowekwa juu ya ardhi ya mtu. Maana yake ni kwamba shamba linabaki lako, hati inabaki na jina lako, lakini sehemu fulani inawekewa sharti la kutoharibiwa, na sharti hilo linaandikwa kwenye rejista ya ardhi. Inaweza kuwa ya muda maalum au ya kudumu. Na kati ya vitu ambavyo sheria imevitaja kwamba vinaweza kulindwa hivyo, mbali na maji, mimea na wanyama, ni alama za kale na za kihistoria zilizo juu ya ardhi hiyo.

Sehemu muhimu kwa yule mwenye robo ekari ni hii: sheria hiyohiyo inasema mwenye ardhi anastahili fidia. Anayeomba haki hiyo mahakamani anaweza kuamriwa ailipe, na jambo likiwa la umuhimu wa kitaifa, serikali inaweza kubebeshwa mzigo huo. Kwa hiyo kikundi chenu, pamoja na kaunti au chuo kikuu, kinaweza kwenda na wamiliki walio tayari, kikaomba kwa hiari yao. Mwenye shamba anapata malipo yaliyoandikwa. Ukuta unapata ulinzi utakaodumu hata shamba likiuzwa, maana mnunuzi analikuta sharti kwenye rejista.

Naona hii ingemfaa pia dada wa Dunga kwa vile vipande vya mafunjo vyenye hati. Kinachotakiwa ni kumfikia mwenye hati kabla ya mjenzi hajamfikia.

Tahadhari moja. Usimpeleke mzee kutia sahihi sharti la kudumu kabla wanawe na mkewe hawajakaa chini wakaelewa. Familia nyingi huku ardhi bado iko kwa jina la babu aliyefariki. Urithi wa familia utatuliwe kwanza, la sivyo mtazua kesi nyumbani kwa ajili ya kulinda mawe.

---

Nyar_Dunga

Hilo sikulijua kabisa. Nitalipeleka kwenye kikao cha BMU. Na niulize wa Siaya waliomo humu: kule Yala, Ziwa Kanyaboli, ambako samaki wa asili waitwao ngege bado wapo baada ya mbuta, yaani sangara, kuwamaliza huku ziwa kubwa, wavuvi wana daftari kama letu? Kinamasi kile kimepitia wawekezaji na mipango mingi, nisingependa wajifunze kwa kuchelewa.

---

Mjane_Ileho

Mimi nasoma tu siku zote, leo niandike. Nakaa karibu na msitu huku Kakamega. Nalipia kibali cha kuni kila mwezi, na mara mbili tatu nimeambiwa kibali changu si cha sehemu hiyo. Sijui niko chama gani. Niliwahi kutoa pesa ya uanachama lakini sijawahi kuitwa. Nianzie wapi, mwanangu?

---

Mwenyeji_Shinyalu

Mama, shikamoo. Asante kwa kuandika.

Anza na risiti ya uanachama. Itakuonyesha jina la kikundi, maana CFA ni mwavuli wa vikundi vidogo vya watumiaji: vya kuni, vya malisho, vya mizinga, vya dawa. Mtafute katibu wa kikundi hicho, umwombe akuonyeshe jina lako kwenye orodha. Kama risiti imepotea, waliolipa siku ile pamoja nawe ni mashahidi, nendeni pamoja. Wamama watatu wakienda ofisini hawazungushwi kama mmoja.

Kisha ombeni kuuona mkataba wa chama na KFS pamoja na mpango wa usimamizi wa msitu. Nakala iko kwa mwenyekiti na nyingine iko kwa msimamizi wa kituo cha msitu. Humo mna ramani ya sehemu za matumizi. Hiyo ramani ndiyo itakayokueleza kwa nini ulirudishwa. Huenda kibali chako ni cha upande mmoja na wewe umezoea njia ya upande mwingine, na hilo linarekebishwa kwenye kibali kijacho bila ugomvi. Kama kibali ni sahihi na bado unarudishwa, peleka malalamiko kwa maandishi kituoni, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kama kusoma Kiingereza cha mkataba ni shida, niambie hapa. Tuko watu kadhaa wa Shinyalu tunaoweza kuketi na kikundi chenu Jumamosi moja tuusome kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na kwa Kiisukha, mpaka kila mama ajue kuni zake zimeandikwa ukurasa gani.